Utunzaji wa Projekta ya Chama na Nyaya Zake



Baadhi ya vyama vya msingi sasa vina projekta ukumbini. Siku ya mkutano mkuu huonyesha hesabu. Jioni huonyesha mpira na filamu kwa kiingilio. Chombo hiki ni mali ya wanachama, sawa na mizani na ghala. Mwanachama aliyeketi nyuma asipoweza kusoma tarakimu za makato yake, atanyoosha mkono kupitisha hesabu asizoziona. Hilo si jambo dogo.

Picha inapofifia, Kamati hushawishika upesi kununua mashine mpya. Kabla ya kutoa fedha, yapasa kuchunguza mambo manne.

1. Vumbi. Kichujio cha hewa kikiziba, feni hushindwa kupoza taa, na mashine hujizima yenyewe. Kisafishwe kila mwezi kwa brashi laini, na mara mbili kwa mwezi wakati wa kiangazi. Lenzi ifutwe kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi, bila sabuni.

2. Taa. Taa ya zebaki kwa kawaida huhesabiwa kudumu saa 2,000 hadi 5,000, yaani mpaka mwanga wake upungue kufikia nusu. Chama kinachowasha saa 4 kila siku kitaimaliza taa ya saa 3,000 kwa siku 750, yaani miaka miwili hivi. Kwa hiyo Katibu aigawe bei ya taa kwa siku hizo 750, na kiasi hicho kitolewe katika kiingilio cha kila jioni na kuwekwa akiba. Taa ikipasuka, watu watoke na madirisha yafunguliwe, kwa sababu zebaki ni sumu. Mabaki yasitupwe karibu na kisima.

3. Ukubwa wa picha. Mashine ya lumeni 3,000 ikitoa picha ya meta 2 kwa 1.5, kila meta ya mraba hupata lumeni 1,000. Picha ikikuzwa hadi meta 4 kwa 3, kila meta ya mraba hupata lumeni 250 tu. Pengine dawa ni kusogeza mashine mbele na kufunika madirisha.

4. Nyaya. Waya wa zamani wa VGA, wenye pini 15, hupunguza ukali wa picha kadiri unavyorefuka. Kebo ya HDMI, iliyotangazwa mwishoni mwa mwaka 2002, ni bora zaidi, lakini ile ya shaba hutegemewa kwa picha ya nukta 1920 kwa 1080 hadi meta 10 hivi. Kwa picha ya 4K umbali huo hupungua. Kebo ikizidiwa, picha huonyesha vimeta vyeupe, hukatika au hupotea kabisa. Kipimo ni rahisi: unganisha kwa kebo ya meta 2. Picha ikitengemaa, ubovu uko katika kebo wala si katika mashine.

Ukumbi unaohitaji zaidi ya meta 15 utumie kebo ya HDMI ya nyuzi za kioo. Kebo hii ina upande wa chanzo na upande wa projekta. Ikigeuzwa haifanyi kazi. Isikunjwe kwa pembe kali, na ipitishwe ndani ya bomba lake lenyewe, mbali na waya wa umeme.

Umeme wetu hupanda na kushuka, kwa hiyo kiwepo kidhibiti cha volteji. Mashine ya taa izimwe kwa kitufe chake, na plagi isichomolewe kabla feni haijasimama.

Baada ya uchunguzi huo, ikiwa bei ya taa mpya inakaribia nusu ya bei ya mashine, ndipo Kamati ifikirie projekta ya leza, ambayo nyingi huhesabiwa kudumu saa 20,000 hivi bila kubadilishwa taa. Zipatikane bei za wauzaji watatu, na uamuzi uandikwe katika muhtasari.

Mwisho, kila chama kifungue daftari la projekta lenye safu za tarehe, saa za taa, siku ya kusafisha, kasoro na jina la aliyeiazima. Mkaguzi ataliomba daftari hilo, na wanachama pia wana haki ya kuliona. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.