Sanaa ya kale inayomkinga mchoma nyama wa Kikopey

KATIKA vibanda vya nyama choma vya Kikopey, kando ya barabara kuu ya Nairobi-Nakuru, wateja wengi ni wapita njia ambao muuzaji hatawaona tena. Akipokea noti bandia ya Sh1,000, hupoteza nyama na chenji pia. Kinga yake ya kwanza ni ncha za vidole, kwa kuwa neno KENYA katika noti halali lina mwinuko unaohisika.

Mwinuko huo ni zao la sanaa ya kale. Fundi alichonga mistari myembamba katika bamba la shaba, akalipaka wino, kisha akalipangusa ili wino ubaki ndani ya mistari pekee. Karatasi ilipogandamizwa juu yake kwa nguvu, iliuvuta wino huo, ukakauka ukiwa umeinuka. Siku hizi mabamba hutengenezwa kwa mitambo, lakini kanuni ni ile ile.

Sanaa hiyo ilishamiri Ulaya katika karne ya 18, wasanii walipokuwa wakiiga sanamu na majengo ya Ugiriki na Roma ya kale. Picha ya rangi ilibaki ukutani kwa tajiri. Nakala zilizochapishwa ziliwafikia watu wa kawaida. Mwaka wa 1788, wapinzani wa utumwa nchini Uingereza walichapisha mchoro wa meli ya Brookes, ulioonyesha Waafrika wakiwa wamepangwa kama shehena. Mchoro huo ulisaidia kuamsha umma dhidi ya biashara hiyo, ambayo Bunge la Uingereza liliipiga marufuku mwaka wa 1807.

Watawala nao waliitambua nguvu ya picha inayopita mikononi mwa kila raia. Noti za kwanza za Kenya, za mwaka wa 1966, zilikuwa na sura ya Mzee Jomo Kenyatta. Baadaye ikafuata ya Daniel arap Moi. Katiba ya 2010 ikakataza sura ya mtu yeyote katika fedha za nchi. Noti zilizozinduliwa mwaka wa 2019 zina jumba la KICC, lakini sanamu ya Mzee Kenyatta inayoonekana hapo ilizua kesi mahakamani.

Kwa mchoma nyama, swali la dharura ni uhalali wa noti. Akiipapasa na kuikuta laini kote, aiinue kwenye mwanga atafute kivuli cha kichwa cha simba, kabla mteja hajawasha gari.