Paka wa Kibakwe Wahasiwe, Wasitupwe

Kwetu Kibakwe, wilayani Mpwapwa, paka ana kazi. Tukishavuna mahindi na karanga, magunia yanaingia ndani na panya nao wanaingia. Nyumba isiyo na paka inaijua hasara yake kabla mvua hazijaanza. Wahenga walishasema: paka akiondoka, panya hutawala.

Ila huyohuyo paka akizaa wanne, mambo yanabadilika. Mmoja anachukuliwa na jirani, mwingine na shangazi. Waliobaki wanatiwa kwenye kiroba, wanatupwa porini au wanaachwa sokoni. Mara nyingi anayetumwa ni mtoto. Mimi nasomea ualimu, na kiukweli hilo ndilo linaloniuma zaidi: asubuhi tunamfundisha huruma darasani, jioni tunamkabidhi kiroba.

Tupige hesabu. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi mitano hivi. Mimba ni kama siku 63 hadi 65, na anaweza kushika nyingine wakati bado ananyonyesha. Chukua paka mmoja anayezaa mara mbili kwa mwaka, wanne kila mara. Hao ni wanane. Kama uzao wa kwanza una majike wawili, nao wakazaa wannewanne kabla mwaka haujaisha, tayari ni 16. Kijiji gani kina mashangazi wa kutosha?

Dawa yake ni kuhasi. Neno si geni kwetu. Maksai wa kulimia wamehasiwa, na Mpwapwa yenyewe ni mji wa mifugo: kuna taasisi ya utafiti, kuna chuo cha mifugo, na kuna aina ya ng'ombe iliyopewa jina la Mpwapwa. Kwa paka, hata hivyo, usijaribu wembe wa nyumbani. Dume hutolewa korodani. Jike hupasuliwa na kutolewa ovari, mara nyingi pamoja na mfuko wa uzazi. Wote wanachomwa dawa ya usingizi kwanza, kwa hiyo hiyo ni kazi ya daktari wa wanyama.

Bibi yangu aliniuliza, "Sasa akihasiwa si ataacha kukamata panya?" Hapana, bibi. Kuwinda hakutoki kwenye korodani, ndiyo maana hata jike anawinda. Tena dume aliyehasiwa hupunguza kuzurura na kupigana, yaani anakaa karibu na magunia. Kinachoweza kumuua paka mwindaji ni sumu ya panya, maana akila panya aliyekula sumu, naye anaweza kufa.

Kikwazo ni hela. Daktari akifunga safari kwa ajili ya paka mmoja, nauli peke yake inakatisha tamaa. Akikuta paka 20 wamekusanywa sehemu moja, nauli ileile inagawanywa kwa 20. Ndivyo huduma inavyokuwa nafuu. Wa kuanza naye ni afisa mifugo wa kata, mkapanga siku na kuandikisha paka. Siku hiyohiyo wachanjwe kichaa cha mbwa, kwa sababu paka naye hukipata na kumwambukiza mtu kwa kumng'ata.

Watoto waliokwisha kuzaliwa watafutiwe kwao. Waache wanyonye hadi wiki nane hivi, kisha wapewe watu waliokubali kuwahasi wakikua. Nairobi, chama cha KSPCA kilichoanza mwaka 1910 kinahasi mbwa na paka na kuwatafutia familia. Makubaliano kama hayo sisi tunaweza kuyafanya hata chini ya mwembe.

Na sisi wa mabwenini tusijifanye hayatuhusu. Paka wa kantini tunawalisha muhula mzima, likizo ndefu ikifika tunafunga mabegi tunaondoka. Wanabaki na njaa, na tukirudi tunawakuta wamezaa. Kuwalisha bila kuwahasi ni kuongeza idadi ya watakaolala njaa likizo ijayo.

Ombi langu kwa serikali ya wanafunzi: bumu likitoka, kila chumba kichangie kidogo, tumwite daktari siku moja kabla ya likizo. Na wewe unayerudi kijijini, muone afisa mifugo wenu kabla paka wa nyumbani hajazaa tena. Paka wa kantini nawajua wanapolala. Kapu la kuwabebea nitaleta mimi.