Upindo wa inchi moja

Nilikwenda kwa fundi kwa sababu ya suruali. Ilikuwa imenibana kiuno, jambo ambalo kwa mtu aliyevuka arobaini halihitaji maelezo. Kibaraza chake kiko Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Nikamwamkia, akaitika marahaba bila kuinua macho. Akaigeuza suruali nje ndani, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa nyuma.

"Aliyeshona hii ana roho nzuri," akasema. "Kaacha kitambaa."

Kisha akavuta daftari aandike kiuno changu. Ni daftari la kaunta lenye jalada gumu, mgongo wake umegangwa kwa gundi na vipande vya kaniki. Ndani mna vipimo vya watu tangu mwaka 1974, vyote kwa wino wa bluu. Lakini pembeni, kila baada ya kurasa kadhaa, kuna maneno mafupi kwa wino mwekundu. "Ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?" "Ungenyamaza tu." "Mtoto wa watu."

Nikamuuliza nani anamwambia nani.

"Namwambia huyu," akajibu, akafunua ukurasa wa kwanza. Kifua 34, kiuno 28. Ni vipimo vyake mwenyewe, vya shati la kwanza alilojishonea akiwa na miaka 19.

Suruali ikatengenezwa, nikalipa, nikaondoka. Yale maneno mekundu hayakuondoka. Wosia tunaujua sana. Mwana Kupona alimtungia bintiye utenzi mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga hii hii, aliwatungia watoto wake tenzi mbili, Hati kwa binti na Adili kwa mwana. Wosia wetu wote hushuka kwa mtoto. Huu wa fundi unapanda kinyumenyume, mzee anamuusia kijana ambaye hayupo tena, na kijana mwenyewe ni yeye. Jumamosi nikarudi, safari hii bila suruali.

"Andika fundi tu," aliniambia nilipomuuliza jina. "Mafundi tumejaa."

Kalamu nyekundu ilianza mwaka 2005, alipotimiza miaka 50 na kupata miwani. Kijana mmoja alimjia akitaka kanzu kama ya marehemu baba yake. Fundi akatafuta kwenye daftari, akaviona vipimo vya baba, halafu kwa mazoea tu akampima na mwana. Bega, mkono, urefu, vyote vilikuwa sawasawa.

"Mwili ukanisisimka, mwanangu. Usiku ule nikakaa na hili daftari, nasoma ukurasa kwa ukurasa, mpaka adhana ya alfajiri. Kila namba nikaona na uso wake. Na kila uso nikakumbuka nilichoufanyia."

Akanionyesha ukurasa wa koti la bwana harusi. Mwanafunzi wake alikata mkono mmoja kinyume, naye akamzaba kofi mbele ya wateja. Mtoto akaokota kandambili zake, akaondoka, hakurudi. "Kitambaa cha watu nilikilipa miezi miwili, nikamaliza. Lile kofi sijalilipa mpaka leo."

Nikamwomba basi achague moja. Angekutana na yule wa kiuno 28, amwambie nini? Nilitegemea maneno makubwa. Akavuta sketi ya shule ya bluu iliyokuwa ikisubiri kushushwa, akaitandaza mapajani.

"Ningemwambia aache upindo."

Kwa robo saa iliyofuata nilifundishwa upindo. Mzazi mwenye akili, alisema, hamshonei mtoto wa leo, anamshonea na wa mwakani. Sketi ya darasa la kwanza inataka inchi tatu zilizokunjwa ndani, zishikwe kwa mshono mrefu wa mkono, usiokaza, ili kufumua kusiumize kitambaa. Kila mwaka unafumua, unashusha inchi moja, unakunja tena. Akanisogezea pindo la ile sketi. Juu, bluu ilikuwa imepauka kwa jua na sabuni ya mche. Chini, pale palipokuwa pamefichwa, bluu ilikuwa bado ya dukani. Katikati ulipita mstari mweusi mwembamba wa kunjo la zamani. Mstari ule, alisema, hautoki hata kwa pasi ya mkaa na kitambaa kibichi.

"Watoto wanauonea haya. Mimi nauheshimu. Ukiona mistari miwili, ujue mtoto yuko darasa la tatu na mama yake anajua hesabu."

Yeye ujanani hakuacha kitu. Alikata nguo ikamkaa mtu kama ngozi, akasifiwa mtaa mzima. Mwaka ukigeuka nguo haivaliki, na ndani hamna pa kuongezea. "Na maneno nilikuwa nayakata hivyo hivyo. Sikuacha nafasi ya mtu kukua, wala yangu mimi."

Nikamwambia kijana yule angefaidika sana kuyasikia haya. Akacheka.

"Aliyasikia! Marehemu fundi wangu alimwambia yote haya, akiwa amekaa pale uliposimama wewe. Akamwona mzee anapoteza kitambaa. Majuto ni mjukuu, na mimi wajukuu ninao saba."

Basi maneno mekundu ni ya nani? Pembeni yetu mmoja wa wajukuu hao, binti anayejifunza kazi, alikuwa akitia uzi kwenye cherehani. Hajawahi kuruhusiwa kulifungua daftari. Nilipouliza sababu, fundi alishusha sauti. "Akisoma ataniogopa, au atanidharau. Sijajua lipi afadhali."

Nilidhani tumemaliza. Akafunua ukurasa mmoja zaidi, wa mwaka 1984. Waliokuwepo hawahitaji kuelezwa uhaba wa miaka ile. Mama mmoja alipata kitambaa cha sare kwa foleni ya duka la serikali, RTC, akakileta na binti yake anayeanza shule. Kilitosha sketi na upindo wa inchi tatu, na mama mwenyewe aliomba hizo tatu. Fundi akamwambia kitambaa hakitoshi. Akashona, akabakiza kipande, akakiuza jioni ile ile.

Kwa wino wa bluu imeandikwa: kiuno 21, urefu 16, upindo 1, Pangani. Pembeni, kwa wino mwekundu, hamna neno. Kuna alama ya kuuliza tu.

"Yule mtoto sasa ni mtu mzima, kama yu hai," akasema. "Sijui sketi ile ilimfikisha darasa la ngapi."

Sikuwa na jibu. Nikafunga kitabu changu, nikaaga. Nimeshuka barazani akaniita.

"Mwanangu, hilo gazeti lenu linafika Pangani?"

Nikamwambia linafika.