Mizani, Kompyuta na Imani ya Mwanachama: Habari za Vyama vya Maziwa vya India

Katika chama cho chote cha ushirika kinachopokea mazao, ugomvi mwingi huanzia penye mizani. Mwanachama huleta jasho lake, karani huandika tarakimu, na kati ya mambo hayo mawili ndipo imani inapokaa au inapopotea. Siku hizi mizani za kielektroniki na kompyuta zimeanza kuingia katika vyama vya msingi vya Afrika Mashariki, na makatibu wengi huuliza kama vyombo hivyo vina faida ya kweli au ni gharama nyingine tu iliyoletwa kutoka juu. Swali hilo limekwisha kupata jibu, angalau jibu la nusu, katika vyama vya wafugaji wa jimbo la Gujarat nchini India.

Vyama hivyo vilianza kwa mgomo. Mwaka 1946 wafugaji wa wilaya ya Kheda, ambao makao yao makuu ya ushirika yako katika mji wa Anand, walikataa kuuza maziwa kwa kampuni binafsi iliyokuwa ikipanga bei ipendavyo. Kwa muda wa siku 15 maziwa hayakwenda Bombay. Desemba ya mwaka huo huo chama kikuu chao kiliandikishwa, kikiwa na vyama vya msingi viwili na maziwa ya lita 250 hivi kwa siku. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Tribhuvandas Patel. Mwaka 1949 alijiunga naye mhandisi kijana, Verghese Kurien, aliyekuja kuongoza kazi hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1965 serikali ya India iliunda Bodi ya Taifa ya Maendeleo ya Maziwa ili kueneza mfano wa Anand nchi nzima, na kuanzia mwaka 1970 hadi 1996 mpango huo uliendelezwa kwa njia inayofaa kukumbukwa na ye yote anayeshughulika na misaada ya nje. Unga wa maziwa na mafuta ya siagi yaliyotolewa bure na nchi za Ulaya kwa kupitia Mpango wa Chakula Duniani hayakugawiwa kama sadaka. Viligeuzwa kuwa maziwa, vikauzwa mijini kwa bei ya soko, na fedha zake zikajenga viwanda na vyama vya wafugaji. Mwaka 1998 India ilikuwa imekwisha kuwa nchi ya kwanza duniani kwa wingi wa maziwa.

Hata hivyo, kukua kwa chama hakuondoi shaka ya mwanachama mmoja aliyesimama na ndoo yake alfajiri. Maziwa hulipwa kwa uzito na kwa mafuta yaliyomo. Uzito huonekana, bali mafuta hayaonekani kwa macho. Kwa njia ya zamani, karani huchukua sampuli ya kila mwanachama na kuitia katika kichupa chenye shingo nyembamba iliyotiwa alama. Huongeza tindikali kali na spiriti ya aina maalumu, kisha huzungusha vichupa katika mashine mpaka mafuta yajitenge na kupanda shingoni, ndipo asome alama. Njia hii ni sahihi ikifanywa na mtu makini, lakini ni ya polepole na tindikali yake huunguza. Foleni haiwezi kuingoja. Kwa hiyo kipimo kilifanyika saa kadhaa baada ya mwanachama kwenda zake, na katika vyama vingi hesabu na malipo vilikuja siku nyingi baadaye. Mwanachama alilazimika kuamini tarakimu ambayo hakuiona ikipatikana.

Ukubwa wa jambo hili hueleweka kwa hesabu ndogo. Mfugaji aleta kilo 5 za maziwa ya nyati wa kufugwa yenye mafuta asilimia 6.5. Hapo pana gramu 325 za mafuta. Karani akisoma 6.0 badala ya 6.5, kwa makosa au kwa makusudi, mfugaji huandikiwa gramu 300, yaani gramu 25 zimepotea. Tofauti hiyo haionekani kitu. Lakini maziwa hupelekwa mara mbili kwa siku, na kwa siku 30 upungufu huo hufikia kilo moja na nusu ya mafuta, sawa na kupeleka ndoo ile ya kilo 5 zaidi ya mara nne bila malipo. Wanachama 200 wakisomewa hivyo, hakuna daftari litakaloonyesha wizi, kwa sababu kila tarakimu iliyomo itakubaliana na mwenzake. Mkaguzi wa vyama anaweza kujumlisha safu zote toka juu hadi chini na kuondoka akiwa ameridhika.

Kuanzia miaka ya 1980 vipimo vya mafuta vya kielektroniki vilianza kuingia katika vyama vya India. Maziwa kidogo huchanganywa na dawa ya maji inayoyeyusha protini, kisha mwanga hupitishwa ndani yake. Chembe za mafuta huutawanya mwanga huo, na kwa kadiri utawanyikavyo mashine hutambua kiasi cha mafuta. Katikati ya miaka ya 1990 kipimo hicho kiliunganishwa na mizani ya umeme, kompyuta ndogo na mashine ya kuchapa, vyote vikakaa juu ya meza moja. Mwanachama huonyesha kadi yenye namba yake na kumimina maziwa katika chombo kilicho juu ya mizani. Uzito hutokea mbele yake. Sampuli huingizwa katika kipimo, na asilimia ya mafuta nayo huonekana. Kompyuta huzidisha kwa bei iliyopangwa, kisha kipande cha karatasi hutoka kikiwa na tarehe, uzito, mafuta na fedha anazostahili. Yote hayo huisha kabla ya dakika moja kupita, na mwanachama anaweza kwenda na karatasi yake dirishani kudai fedha.

Wengi wanaposimulia habari hizi husifu kompyuta. Afadhali wangesifu karatasi. Kompyuta ikifanya hesabu katika chumba cha ndani, na mwanachama akaletewa jumla mwisho wa mwezi, hali yake ni ile ile ya zamani, ila sasa karani naye ana mahali pa kusingizia. Kilichobadili mambo katika vijiji vya Gujarat ni kwamba kipimo kilirudishwa mbele ya macho ya mwenye mali, wakati angali amesimama pale na anaweza kusema, "Pima tena." Hali kadhalika katibu mwaminifu alipata kinga. Katibu wa namna hiyo yuko katika vyama vingi, na kwa miaka mingi amebeba tuhuma za wenzake wasio waaminifu bila kuwa na ushahidi wa kujitetea. Naye mtia maji katika ndoo hujulikana papo hapo, mbele ya majirani zake.

Mashine hizi zina udhaifu wake. Kipimo cha mwanga hakina budi kurekebishwa mara kwa mara kwa kulinganishwa na kichupa cha tindikali. Kisiporekebishwa hudanganya kila mtu kwa usawa, na uongo wake huchapwa vizuri. Umeme ukikatika, karani hurudia kuingiza tarakimu kwa mkono. Saa hiyo ya giza ndiyo inayofaa kuangaliwa kwa makini kuliko nyingine zote, maana tarakimu zilizoingizwa kwa mkono hutoka katika karatasi zikiwa na sura ile ile ya zilizopimwa. Chama chenye busara huhakikisha kwamba karatasi inaonyesha tofauti hiyo, na kwamba ufunguo wa kubadili bei na vipimo hauko mikononi mwa mtu mmoja. Tena karatasi iliyochapwa kwa lugha asiyoisoma mwanachama haimsaidii kitu.

Katika Afrika Mashariki mambo yalianzia upande wa pili. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilizinduliwa Kenya mwaka 2007, baada ya majaribio yaliyosaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Hivyo mkulima wa huku aliweza kupokea malipo mfukoni mwake kabla ya kuwa na njia ya uhakika ya kujua kama malipo hayo ni sahihi. Nchini Tanzania pia Tume ya Maendeleo ya Ushirika inao Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU, ambamo vyama huingiza taarifa zake. Mfumo wa namna hiyo humwezesha msimamizi kuona hesabu za chama akiwa mbali. Lakini tarakimu ya kwanza bado huzaliwa kwenye mizani, na mizani isiyo na muhuri wa Wakala wa Vipimo itapeleka kosa lake hadi makao makuu kwa kasi ya umeme.

Liko jambo moja ambalo vyama vya India vingali vinahangaika nalo. Anayekamua na kulisha mifugo katika nyumba nyingi ni mwanamke, ilhali mwanachama aliyeandikishwa mara nyingi ni mume. Malipo yalipokuwa ya fedha taslimu, aliyepeleka ndoo ndiye aliyerudi na fedha, na mara nyingi huyo alikuwa mwanamke. Novemba 2016 serikali ya India ilipoziondoa noti za rupia 500 na 1,000 katika matumizi, fedha taslimu ziliadimika, na vyama vya maziwa vya Gujarat vikaanza kuwafungulia wanachama akaunti za benki na kulipa humo. Fedha zikawa salama zaidi, na hesabu zikawa safi zaidi. Ila akaunti hufuata jina lililo katika rejista ya wanachama. Vyama vya msingi vinavyokusudia kulipa kwa benki au kwa simu havina budi kuifungua rejista hiyo kwanza, mbele ya mkutano mkuu, na kuuliza kwa kila jina ni nani hasa anayeleta mzigo huo kwenye mizani.