Kuandika Upya Bayosi ya Kadi ya Michoro: Tahadhari kwa Mafundi wa Gesima

Kitenzi kuflashi kina maana mbili katika Kiswahili cha mitaani nchini Kenya. Ya kwanza ni kumpigia mtu simu na kuikata kabla hajaipokea, ili salio lisipungue. Ya pili ni ya mafundi, nayo ni kufuta programu iliyohifadhiwa ndani ya kifaa na kuandika nyingine mahali pake. Maana ya kwanza haimdhuru mtu, ingawa humkera anayepigiwa. Ya pili imeviua vifaa vingi. Makala haya yanahusu hiyo ya pili, kwa mintarafu ya kadi ya michoro ya tarakilishi. Yanamlenga fundi au mwanafunzi aliye mahali kama Gesima, katika eneo bunge la Kitutu Masaba, kaunti ya Nyamira, ambako kadi ikiharibika si rahisi kupata nyingine siku hiyo hiyo.

Kadi ya michoro huwa na chipu ndogo, aghalabu yenye miguu minane, ambayo kazi yake ni kuhifadhi bayosi. Bayosi hii si ile ya tarakilishi nzima bali ni ya kadi yenyewe. Ndiyo inayoiamsha kadi kabla skrini haijawaka, na humo mna jina la kadi, kasi ya kichakataji chake, kiwango cha volti, kikomo cha umeme inaoruhusiwa kutumia, mwendo wa feni na nyakati za kumbukumbu, yaani muda ambao kichakataji husubiri kabla ya kusoma au kuandika katika chipu za kumbukumbu. Anayebadilisha bayosi hubadilisha tabia ya kadi. Hawezi kuongeza kitu ambacho hakimo katika kadi yenyewe.

Zamani watu walibadilisha bayosi kwa tamaa ya kasi, na wakati mwingine tamaa hiyo ililipa. Mwishoni mwa mwaka 2010 iligunduliwa kwamba baadhi ya kadi za Radeon HD 6950 zingeweza kupewa bayosi ya HD 6970 na kufanya kazi kama ndugu yake wa bei ghali, kwa kuwa sehemu za kichakataji zilizofungwa kiwandani zilikuwa nzima. Bahati za namna hiyo zimekuwa adimu. Siku hizi anayetaka kasi kidogo anaweza kuipata kwa programu kama MSI Afterburner, ambayo hubadilisha kasi na mwendo wa feni bila kugusa chipu ya bayosi, na mabadiliko yakileta hitilafu yanafutika upesi. Asiyeridhika na matokeo ya njia hiyo hana sababu ya kutarajia makubwa kwa kuandika bayosi.

Sababu yenye mashiko leo ni kurekebisha kilichoharibiwa na mwingine. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya Ethereum uliacha kutegemea kadi za michoro, na wachimbaji wa sarafu hiyo duniani kote wakaanza kuziuza kadi zao. Nyingi zilikuwa za aina ya Radeon RX 470, 480, 570 na 580, na wachimbaji walikuwa na mazoea ya kuzibadilishia bayosi: walibana nyakati za kumbukumbu na kupunguza kasi na volti ya kichakataji. Kwa kazi yao mabadiliko hayo yalifaa. Kwa mnunuzi anayetaka kuhariri video, kadi ileile huweza kutoa madoadoa kwenye skrini, kuzima ghafla, au kukataliwa kabisa na Windows, kwa kuwa programu endeshi ya AMD hukagua sahihi ya bayosi na kuikataa iliyochezewa. Mnunuzi hudhani ameuziwa kadi mbovu, ilhali huenda ikapona kwa kurudishiwa bayosi yake ya kiwandani.

Uko pia udanganyifu wa makusudi. Kadi kuukuu za Nvidia zimewahi kuandikwa upya ili zijitambulishe kwa jina la GTX 1050 Ti na kuuzwa kwa bei ya jina hilo. Programu ya bure ya GPU-Z, tangu mwaka 2018, huweza kuzitambua nyingi kati ya kadi hizo na kuziwekea alama ya kughushi. Mnunuzi mwenye busara huifungua programu hiyo dukani, kabla ya kutoa fedha mfukoni. Kadi ya namna hiyo yaweza kurudishiwa jina lake la kweli, lakini fedha ya mnunuzi ndiyo imekwenda.

Si kila kadi hukubali kuchezewa. Kadi za Nvidia kuanzia familia ya GTX 10 ya mwaka 2016 hukataa bayosi iliyohaririwa, na za Radeon kuanzia Vega ya mwaka 2017 zina ulinzi wa namna hiyo. Anayeahidi kuihariri bayosi ya kadi mpya aulizwe maswali mengi.

Tukija kwenye kazi yenyewe, usalama huamuliwa kabla ya kuandika. Jambo la kwanza ni kutoa nakala ya bayosi iliyomo, hata kama inajulikana kuwa mbovu. GPU-Z hutoa nakala kwa kadi nyingi, vivyo hivyo amdvbflash kwa kadi za AMD na nvflash kwa za Nvidia. Nakala itolewe mara mbili kisha zilinganishwe. Zikitofautiana, usomaji una kasoro na kazi isiendelee. Faili isiyo tupu, ikifunguliwa kwa kihariri cha heksadesimali, aghalabu huonyesha herufi 55 AA mwanzoni, ingawa baadhi ya faili za Nvidia huwa na maelezo mengine mbele yake. Nakala hiyo ihifadhiwe nje ya tarakilishi hiyo, katika diski mweko au barua pepe.

Jambo la pili ni kutafuta bayosi inayolingana, na hapa ndipo wengi hukosea. Jina la kadi pekee halitoshi. RX 580 ina matoleo kadhaa; lipo lenye vitengo 2304 vya kuchakata na lipo lenye 2048, ambalo kwa undani wake ni RX 570. Ukubwa wa kumbukumbu lazima ulingane. Kampuni iliyotengeneza chipu za kumbukumbu nayo ina uzito wake: bayosi yenye nyakati za Samsung peke yake haitaitunza kadi yenye chipu za Hynix au Micron. Matundu ya kuunganisha skrini yakitofautiana, kadi yaweza kuwaka vizuri bila kuonyesha picha. Njia salama ni kusoma namba ya toleo kwenye kibandiko nyuma ya kadi na kutafuta bayosi ya toleo hilo hasa.

Jambo la tatu ni umeme. Kuandika bayosi huchukua muda mfupi, mara nyingi chini ya dakika moja, lakini umeme ukikatika katika muda huo chipu hubaki na nusu ya programu, nayo nusu ya programu haiamshi kitu. Gesima imo katika nyanda za juu za Gusii, ambako hewa yenye unyevu kutoka upande wa Ziwa Victoria hupanda milima na kuleta mvua za alasiri zenye radi nyingi. Kwa hiyo kazi hii ni ya asubuhi. Fundi anayeianza saa tisa alasiri mawingu yakiwa yameshakusanyika anacheza kamari na mali ya mtu. Hata asubuhi haina hakika: mnamo Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, na nchi nzima ikakosa umeme. Tarakilishi iunganishwe na betri ya akiba ambayo wauzaji huiita yupiesi, na betri hiyo ijaribiwe kwanza kwa kuchomoa waya ukutani tarakilishi ikiwa inafanya kazi. Yupiesi nyingi kuukuu huonyesha taa ya kijani na kuzima papo hapo.

Jambo la nne ni njia ya kurudi. Tarakilishi nyingi za ofisi zilizotumika zina kichakataji cha Intel chenye uwezo wake wa kuonyesha picha. Uwezo huo uwashwe mapema katika mipangilio, kwa sababu baadhi ya mashine huuzima zikiona kadi. Kadi ikigoma baada ya kuandikwa, waya wa skrini huhamishwa kwenye tundu la mashine na bayosi ya zamani kuandikwa tena. Kadi kadhaa zina swichi ndogo ya bayosi mbili: mashine huwashwa kwa ile nzima, swichi husogezwa Windows ikishafunguka, kisha ile mbovu huandikwa upya.

Yote hayo yakishindikana, hubaki kifaa cha bei nafuu kiitwacho CH341A, chenye kibanio cha kushika miguu ya chipu na kuiandika moja kwa moja kadi ikiwa nje ya mashine. Kabla ya kukitumia, namba iliyo juu ya chipu isomwe. Chipu za volti 1.8 zikipewa 3.3 huweza kuungua, na baadhi ya vifaa hivyo vyeusi vinajulikana kupitisha volti 5 kwenye nyaya za data.

Uandishi ukikamilika, mashine huzimwa na kuwashwa tena, programu endeshi husakinishwa upya, na GPU-Z hufunguliwa ili kasi, kumbukumbu na vitengo vilinganishwe na vya kiwandani. Kisha kadi hufanyishwa kazi nzito kwa saa moja hivi, fundi akitazama joto na mwendo wa feni. Mwenye kadi akabidhiwe pia nakala ya bayosi iliyokuwamo, pamoja na maandishi ya tarehe na toleo lililoandikwa.