Baa Nzuri ya Wiski Haipimwi kwa Wingi wa Chupa

Kiangazi cha mwaka 2017, mgeni mmoja kutoka China aliketi kwenye baa ya hoteli ya Waldhaus am See mjini St. Moritz, Uswisi, akaagiza toti ya wiski ambayo lebo yake ilisema ni Macallan ya mwaka 1878. Alilipa karibu faranga 10,000 za Uswisi. Baa hiyo, Devil's Place, ilikuwa imeingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness kwa kuwa na aina 2,500 za wiski, na chupa ile ilikuwa miongoni mwa fahari zake. Picha zilipoenea, wajuzi walitilia shaka kizibo na lebo, na hoteli ikapeleka sampuli kupimwa. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Oxford walipima kaboni wakakuta kwamba, kwa uwezekano wa asilimia 95, kinywaji kile kilitengenezwa kati ya mwaka 1970 na 1972. Kipimo cha maabara nyingine kikaonyesha kuwa haikuwa hata wiski ya kimea kitupu: asilimia 60 ilikuwa ya kimea na 40 ya nafaka nyingine. Meneja wa hoteli alisafiri hadi China akamrudishia mgeni pesa zake.

Kila anayetafuta baa yenye wiski nzuri anapaswa kukijua kisa hiki, kwa sababu mgeni yule alitegemea vipimo vilevile vitatu tunavyovitegemea wengi wetu, yaani wingi wa chupa, umri na bei. Vyote vitatu vilikuwepo pale, na hakuna hata kimoja kilichomkinga. Ninachoshikilia katika makala haya ni kwamba baa ya wiski hupimwa kwa namna chupa zake zilivyochaguliwa, zinavyotunzwa baada ya kufunguliwa, na kwa ujuzi wa yule anayemimina. Mengine ni mapambo, hata yakiwa mapambo ya gharama kubwa.

Lakini kwanza tukijue kinywaji chenyewe. Kwa mujibu wa kanuni za wiski ya Uskoti za mwaka 2009, wiski inayoandikwa 'single malt' hutoka katika kiwanda kimoja tu. Hutengenezwa kwa kimea cha shayiri pasipo nafaka nyingine, hukenekwa kwa mikupuo katika mitungi, hulazwa kwenye mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700 kwa miaka isiyopungua mitatu, na lazima itiwe chupani hukohuko Uskoti ikiwa na kileo kisichopungua asilimia 40. Johnnie Walker, inayofahamika vizuri Nairobi na Dar es Salaam, ni ya kundi jingine: huchanganywa kutoka viwanda vingi, wiski za kimea pamoja na za nafaka nyingine, ili ladha isitofautiane mwaka hadi mwaka. Wiski ya kiwanda kimoja haina mwenzake wa kuifunika aibu. Umbo la mtungi wa shaba, urefu wa uchachuaji, kilichowahi kukaa ndani ya pipa, yote yanasikika ulimini. Ardbeg na Laphroaig za kisiwa cha Islay hunuka moshi kwa sababu kimea chake hukaushwa kwa mboji inayochimbwa kwenye ardhi ya kinamasi. Glenkinchie, iliyo karibu na Edinburgh, ni nyepesi na ina harufu ya majani mabichi. Glenfarclas ya bonde la Spey, inayolazwa katika mapipa yaliyobeba divai ya sheri ya Hispania, huleta utamu wa zabibu kavu. Uskoti ina zaidi ya viwanda 140 vinavyofanya kazi, na vingi hutoa chupa za aina kadhaa. Hakuna mtu wa kawaida awezaye kuzinunua zote ili ajue anapenda ipi, na hapo ndipo baa inapokuwa na kazi ya kweli.

Sasa, wingi. Chupa ikishafunguliwa, hewa huingia, na kadiri kinywaji kinavyopungua ndivyo hewa inavyozidi. Oksijeni haiharibu wiski haraka kama inavyoharibu divai, ila chupa iliyobaki robo na kukaa rafuni mwaka mzima hupoteza harufu zake za juu, zile za matunda na maua, na kubaki imepooza. Baa yenye chupa elfu moja na wateja thelathini kwa wiki inauza, bila kukusudia, vinywaji vingi vilivyokwisha nguvu. Baa yenye chupa themanini zinazokwisha na kufunguliwa nyingine kila baada ya miezi michache inakupa wiski kama mtengenezaji alivyokusudia uipate. Ndiyo maana mtu makini, kabla ya kuhesabu chupa, hutazama kiwango cha kinywaji ndani yake. Ukiona rafu nzima ya chupa zilizobaki vidole viwili chini, tena zina vumbi mabegani, uliza zilifunguliwa lini. Jibu lenyewe litakufundisha mengi kuhusu nyumba hiyo.

Atatokea mtu wa kunipinga kwa kutaja The Quaich, baa ya hoteli ya Craigellachie katikati ya bonde la Spey, yenye aina zaidi ya 1,000 na sifa zilizotapakaa dunia nzima. Au The Pot Still ya mtaa wa Hope mjini Glasgow, ambako chupa ni mamia kwa mamia na mhudumu hupanda ngazi kuzifikia zile za juu. Pingamizi hilo ni la haki, nami nalikubali nusu. Wingi una thamani pale unapomwezesha mteja kulinganisha: kiwanda kilekile kwa mapipa mawili tofauti, au umri uleule kwa viwanda viwili jirani. Lakini zitazame baa hizo kwa makini. Moja iko katika kijiji kilichozungukwa na viwanda, na watu huvuka bahari kuifikia. Nyingine iko katikati ya jiji kubwa na hujaa wateja. Chupa za zote mbili zinatembea. Hatua chache kutoka The Quaich iko Highlander Inn, nyumba ndogo zaidi, ambayo mmiliki wake ni Mjapani aliyewahi kuhudumu kwenye kaunta ya The Quaich yenyewe. Wapenzi wa wiski huzitembelea zote mbili jioni moja bila kuona kuwa ile ndogo imepungukiwa, kwa kuwa kinachowavuta kote kuwili ni mtu anayeijua kila chupa iliyo nyuma yake.

Kipimo cha pili kinachopotosha ni umri, na hapa pana kutoelewana kwingi kuliko mahali pengine popote. Nambari 12 au 18 kwenye lebo inataja umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo chupani, na inahesabu miaka ya ndani ya pipa tu. Chupa ya miaka 12 iliyokaa kabatini kwa babu miaka 40 bado ni ya miaka 12. Tena pipa haliongezi uzuri tu. Kila mwaka karibu asilimia 2 ya kinywaji hupotea kama mvuke, mwaloni huendelea kutoa ukali wake, na ikifika wakati mti hufunika kila kitu ambacho shayiri na mtungi vilileta. Pipa bovu halitengenezwi na miaka. Ziko wiski za miaka 10 zenye uhai na upana ambao nyingine za miaka 25 zimeupoteza kabisa. Bei ya ile ya miaka 25 inatokana na uhaba, gharama ya ghala na kile kilichoyeyuka hewani. Kuichukulia kuwa alama ya mtihani ni kujidanganya. Mhudumu mzuri atakuambia hivyo hata kama kukuuzia ghali kungemnufaisha.

Nionavyo mimi, uchaguzi wa chupa za baa hujulikana vizuri zaidi kwenye chupa zisizotangazwa. Zipo kampuni ambazo kwa vizazi zimenunua mapipa ya viwanda vya watu wengine na kuyatia chupani kwa jina lao: Cadenhead's ya tangu 1842, Gordon & MacPhail ya mji wa Elgin iliyoanza 1895, na chama cha Scotch Malt Whisky Society kilichoasisiwa Edinburgh mwaka 1983. Chupa hizo mara nyingi hutoka pipa moja, mamia machache tu, na zikiisha zimeisha. Kwa njia hiyo hupatikana wiski ya viwanda ambavyo karibu mazao yao yote huishia kwenye michanganyiko na majina yao hayajulikani na wanywaji wengi. Mwenye baa anayezinunua amelazimika kuonja, kusoma na kuhatarisha pesa zake. Yule anayejaza rafu kwa majina kumi makubwa yanayopatikana kila uwanja wa ndege hakulazimika kufanya lolote. Hata hivyo upo mpaka. Chupa za zamani sana, hasa za karne ya 19 na mwanzo wa ile ya 20, ni uwanja wa walaghai. Mwaka 2018 kituo cha utafiti cha vyuo vikuu vya Uskoti kilipima chupa 55 zilizodhaniwa kuwa adimu, na 21 zikakutwa ni bandia au hazikukenekwa mwaka uliodaiwa. Baa isiyoweza kueleza chupa yake ya thamani imetoka wapi haistahili pesa zako.

Kumimina nako ni ujuzi. Glasi ya wiski ya kimea inafaa iwe na tumbo na mdomo mwembamba ili ikusanye harufu; ile ya Glencairn, iliyoanza kutumika 2001, ndiyo imeenea. Kuhusu maji, wengi bado wanaamini kwamba kuyaongeza ni udhaifu. Mwaka 2017 wanakemia wawili wa Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, walionyesha kwa mahesabu ya kompyuta kwamba kileo kinapopunguzwa makali kwa maji, molekuli za guayakoli, zilizo chanzo cha sehemu ya harufu ya moshi, hukaa karibu zaidi na uso wa kinywaji, pale pua inapozifikia. Kwa wiski iliyotiwa chupani ikiwa na kileo cha asilimia 55 au zaidi, matone machache ya maji hufungua kilichofungika. Barafu nyingi hufanya kinyume, kwani baridi hunyamazisha harufu. Huko Uskoti, baa ikiwa wazi lazima ikupe maji ya bomba bure ukiyaomba, kwa masharti ya leseni yake.

Kuna watakaosema kwamba haya yote ni mambo ya matajiri. Hesabu haiwaungi mkono. Chupa ya mililita 700 hutoa toti 28 za mililita 25, kipimo kimojawapo kati ya viwili ambavyo sheria ya Uingereza inaviruhusu, kingine kikiwa mililita 35. Anayenunua mzinga mzima ili uonekane mezani, na kuumalizia na soda, ametumia pesa za kuonja wiski nyingi tofauti na hakujifunza hata moja. Japani baa nyingi huuza hata nusu toti, na kwa nusu toti nne mtu hutoka akiwa amejua tofauti ya wiski za Islay na za bonde la Spey. Baa kwa hakika ndiyo njia ya mtu wa kipato cha kawaida kugusa chupa ambayo hatainunua maishani.

Pingamizi zito zaidi ni la afya na imani, na sitalipita pembeni. Wasomaji wengi wa lugha hii dini yao imewakataza kileo, na neno lake ni la mwisho kwao. Kwa wanaokunywa, Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha kileo kilicho salama kwa afya. Wiski ya kimea haina msamaha wowote katika hilo. Ethanoli yake ni ileile iliyomo kwenye gongo. Ninachoweza kusema kwa haki ni kwamba baa iliyojengwa juu ya kuonja humtaka mteja anywe kidogo na polepole, kwa kuwa baada ya toti tatu au nne ulimi hauna tena uwezo wa kutofautisha. Nyumba inayoendelea kukujazia baada ya hapo, iwe na rafu za namna gani, imeacha kazi yake. Na kwa anayepanga kuzunguka bonde la Spey kwa gari la kukodi, tangu Desemba 2014 kikomo cha dereva huko ni miligramu 50 za kileo katika mililita 100 za damu, chini ya kile cha England ambacho ni 80. Toti chache zinatosha kukufikisha hapo.

Kwa hiyo ukiingia katika baa ya wiski, Glasgow au Tokyo au mtaani kwako, acha menyu kwanza. Mwambie mhudumu ladha unazozipenda katika chakula na kinywaji, mtajie kiasi unachoweza kulipa, kisha umwombe toti mbili za kulinganisha. Akikuuliza swali zaidi kabla ya kunyoosha mkono rafuni, kaa. Akinyoosha mkono moja kwa moja kwenye chupa ghali kuliko zote, lipa ulichokunywa na utafute baa nyingine.