Dhima ya Afisa wa Probesheni Huduma Zinapobinafsishwa

Makala haya yanafafanua dhima ya afisa wa probesheni, yaani mtumishi anayemsimamia mkosaji aliyepewa kifungo cha nje, pamoja na athari za kuzikabidhi kampuni za kibinafsi kazi hiyo.

Nchini Kenya, sheria ya probesheni, Sura ya 64, ilianza kutekelezwa mwaka 1946. Chini yake, mkosaji husimamiwa kwa muda usiopungua miezi 6 wala kuzidi miaka 3. Kabla ya kutoa hukumu, hakimu wa Nakuru, Molo au Naivasha anaweza kuagiza ripoti. Afisa basi hufika nyumbani kwa mshtakiwa, akawahoji jamaa, chifu na hata aliyekosewa. Katika eneo la Molo na Kuresoi, ambako majirani waliumizana katika ghasia za 1992 na 2008, kuuliza iwapo jamii itampokea mkosaji si jambo dogo. Jibu la pupa laweza kumpeleka gerezani asiyestahili, au kumrejesha mtu mahali ambapo damu itamwagika. Asiyekujua hakuthamini.

Mfano wa ubinafsishaji unapatikana Uingereza. Mwaka 2014, huduma za England na Wales ziligawanywa. Wakosaji hatari zaidi walibaki mikononi mwa serikali, ilhali waliosalia walikabidhiwa kampuni 21. Ripoti za mahakama nazo zilibaki serikalini. Kwa hiyo, aliyemchunguza mkosaji hakuwa tena katika idara moja na aliyemsimamia. Mapato ya kampuni yalipopungua kuliko ilivyotarajiwa, ziara zilipungua pia. Mwaka 2017, wakaguzi walibaini kwamba baadhi ya wakosaji walisimamiwa kwa simu tu. Hatimaye, Juni 2021, usimamizi wote ulirudishwa serikalini.

Nchini Kenya huduma hii ingali ya serikali. Hata hivyo, umiliki wa serikali pekee hautoshi. Afisa mwenye faili nyingi asiye na nauli ya kufika Kuresoi naye hulazimika kupiga simu, na tofauti yake na kampuni ya England huwa ni jina tu. Kwa mintarafu hiyo, suala la kimsingi si nani anayemlipa afisa, bali ni iwapo analipwa ili afike, aketi na asikilize. Ripoti yake ikikosa hayo, hakimu huamua hatima ya mtu gizani.